Je, wajua kwa nini vichekesho vya Chaplin vilihitaji jitu?

Mwaka 1917 Charlie Chaplin, mchekeshaji wa filamu bubu, alipiga picha ya tukio la mgahawani, akaliweka kando, akalipiga upya. Hadithi haikubadilika. Maskini mmoja anaagiza maharage, mfukoni hana hakika na kitu, na mhudumu mkuu wa mgahawa anamtazama kwa jicho la shaka. Kilichobadilika ni mhudumu. Wa kwanza alikuwa Henry Bergman, mwigizaji mnene na hodari ambaye Chaplin aliendelea kumtumia kwa miaka mingi. Wa pili alikuwa Eric Campbell, pandikizi la mtu lenye urefu wa karibu mita 1.95, miraba minne, nyusi zimesimama juu ya macho kana kwamba zimeamriwa.

Vipande vya Bergman havikupotea. Mwaka 1983 Kevin Brownlow na David Gill, watafiti wa historia ya filamu, walivionyesha kwenye televisheni ya Uingereza, pamoja na mikanda mingine ambayo Chaplin hakukusudia itazamwe na watu, kwa hiyo leo mtu anaweza kulinganisha mwenyewe. Bergman akiwa mhudumu, tunachokiona ni mteja mjanja na mfanyakazi mwenye kisirani. Unatabasamu, basi. Anapoingia Campbell, maharage yale yale yanaliwa roho ikiwa mkononi.

Filamu yenyewe ni *The Immigrant*, na watu wengi wanaikumbuka kwa sehemu ya wahamiaji melini, ambayo kwa kweli Chaplin aliifikiria baadaye, mgahawa ukiwa umeshapigwa picha. Lakini swali langu ni la mgahawa. Mwili wa mtu mmoja unabadilishaje tukio zima, wakati maneno hayasikiki na hadithi haijaguswa?

Sehemu ya jibu ni ya kiufundi. Filamu zilikuwa bubu, kwa hiyo tishio lililazimika kuonekana kwa macho. Ungeweza kuandika bango la maneno, "Huyu ni mtu mkali sana," likasimama kwenye skrini sekunde chache, lakini kila bango linakata mwendo, na kichekesho kinachokatwa mwendo kinapoa. Tena mabango yanataka msomaji, na kumbi za Marekani za wakati ule zilijaa wahamiaji ambao Kiingereza hawakukijua vizuri. Jitu likisimama mlangoni halihitaji kusomwa. Mtoto wa miaka mitatu analielewa.

Kamera nayo ilikuwa na masharti yake. Vichekesho vilipigwa picha kwa mbali kidogo, mwili wote uonekane kuanzia kofia hadi viatu, maana mateke na maanguko ndiyo bidhaa iliyokuwa ikiuzwa. Kwa umbali huo uso unakuwa mdogo. Juu ya hayo, mkanda wa filamu wa miaka ile haukuwa na macho ya rangi nyekundu: wekundu wa ngozi na midomo ulitoka mweusi, na buluu ilififia mpaka ikakaribia weupe. Ndiyo sababu waigizaji walipakwa rangi nzito usoni, wakachorwa macho kwa wanja, na wakagundishiwa ndevu na nyusi ambazo kwa mtu wa karibu zilionekana kama kituko. Nyusi za Campbell zilikuwa za bandia. Ukiona picha zake bila vipodozi, unakutana na uso laini wa mtu unayeweza kumwachia mtoto akushikie. Ukali ule wote ulikuwa gundi na manyoya, na kazi.

Sababu nzito zaidi, kwa maoni yangu, haiko kwenye kamera. Iko kwa Charlie mwenyewe, yule maskini anayeigizwa na Chaplin. Tumezoea kumwita mnyonge mwenye moyo wa dhahabu, lakini kaa utazame filamu zake za 1916 na 1917 kwa makini: yule bwana mdogo ni mtundu wa kupindukia. Anaiba, anadanganya, anapiga mateke watu waliompa kisogo, anakula asicholipia. Ukimpa mpinzani wa kimo chake, unaanza kumhurumia mpinzani. Mpe jitu, na kila teke linakuwa haki. Mtazamaji anamsamehe mtu mdogo makosa ambayo asingemsamehe jirani yake, kwa sababu moja tu: aliyeko mbele yake anaweza kumvunja kwa mkono mmoja.

Turudi mgahawani uone inavyofanya kazi. Kwanza Chaplin anaonyesha wahudumu wakimvamia mteja mwingine na kumtupa nje akiwa hoi. Charlie anauliza kulikoni. Anajibiwa kwamba alipungukiwa senti 10. Sasa Charlie anapapasa mfukoni, na sarafu yake pekee haipo, imepitia kwenye tundu. Sarafu nyingine inaanguka sakafuni, anaikanyaga kwa kiatu, anasubiri Campbell ageuke. Anapofanikiwa kuitoa na kulipa kwa madaha, Campbell anaiuma kwa meno na sarafu inapinda. Ni ya bandia. Ukipima kwa sheria, Charlie hapa ndiye mwenye kosa, na mhudumu anadai haki ya tajiri wake. Lakini hakuna mtazamaji anayesimama upande wa mhudumu. Ndiyo kazi Bergman aliyoshindwa kuifanya kwa unene wake wote, na Campbell akaifanya kwa kusimama tu.

Huyu Campbell alitoka wapi? Alizaliwa Uingereza mwaka 1880. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba ni mtu wa Dunoon, Scotland, na wenyeji wa huko walijivunia. Utafiti wa baadaye ukaonyesha kwamba alizaliwa Sale, karibu na Manchester. Alikulia kwenye majukwaa, kisha akaingia kampuni ya vichekesho vya jukwaani ya Fred Karno, ambayo ndiyo iliyomkuza Chaplin na pia Stan Laurel. Kwa Karno mchezo uliendeshwa zaidi kwa mwili kuliko kwa mdomo. Aliyepita pale alijua kuanguka bila kuvunjika, kupiga bila kuumiza, na, jambo gumu zaidi, kupigwa kwa wakati unaotakiwa. Mtu akichelewa nukta moja kuyumba baada ya ngumi, ngumi inakufa.

Mwaka 1916 Chaplin, akiwa na miaka 26, alisaini mkataba na kampuni ya Mutual kwa dola 10,000 kwa wiki, na juu yake dola 150,000 za kusaini. Alitakiwa kutoa filamu 12 fupi, kila moja ya riili mbili, yaani dakika ishirini na kitu. Campbell alikuwa akiigiza jukwaani huko Marekani, Chaplin akamchukua. Katika filamu hizo 12 ameonekana katika 11. Moja asiyoonekana ni *One A.M.*, ambamo Chaplin, karibu peke yake mwanzo hadi mwisho, ni mlevi anayehangaika kupanda kitandani. Ni kazi ya ufundi mkubwa. Hakurudia tena kutengeneza filamu ya namna hiyo.

Vijiweni kwetu, waliokua wakitazama picha za mapigano wanajua kwamba steringi hafi, na kwamba utamu wa picha unapimwa kwa adui. Adui goigoi, picha mbovu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, hata kama mnyonge mwenyewe ana zaidi ya kilo 120.

Mfano ulio bora kupita yote ni *Easy Street*, iliyotoka Januari 1917. Charlie ameajiriwa polisi na kupangiwa mtaa ambao askari wenzake wanarudishwa wakiwa kwenye machela. Campbell ndiye mbabe wa mtaa. Tazama umati unavyocheza naye: akisogea hatua moja, watu wote wanarudi nyuma, akigeuka, wanajikunyata, akiondoka, wanatoka tena kwenye vichochoro. Halafu wanabaki wawili. Charlie anampiga kirungu kichwani. Hakuna kitu. Anampiga tena na tena. Campbell hata hafumbi macho, anainamisha kichwa ili apigwe vizuri. Kisha, kuonyesha nguvu zake, anaishika nguzo ya taa ya gesi na kuikunja mpaka chini. Hapo ndipo Charlie anamrukia mgongoni, anamvika taa kichwani na kufungulia gesi. Jitu linalegea. Charlie anampima mapigo ya moyo kama daktari, anafikiri kidogo, anamwongezea dozi.

Taa hiyo si ya mzaha. Wakati wa kupiga picha ilimkata Chaplin puani na kazi ikasimama kwa muda.

Kinachonishangaza kila nikiitazama ni kwamba Campbell hachekeshi hata kidogo. Hakonyezi, haombi kicheko, hajui kwamba yumo kwenye kichekesho. Yeye yumo kwenye hadithi ya kutisha, na kazi ya Charlie ni kuiharibu. Waigizaji wa pembeni wa siku zile wengi walishindwa hapo, kila mmoja akitaka kipande chake cha kicheko, wakipepesa macho na kutikisa masharubu mpaka skrini ikawa soko. Campbell alijizuia. Ukali wake ni wa kweli, kwa hiyo aibu yake nayo ni ya kweli.

Na aliaibishwa vya kutosha. Katika *The Rink*, Desemba 1916, yeye ni mteja na Charlie ndiye mhudumu. Anapodai hesabu, Charlie hakumbuki alikula nini. Basi anamkagua: doa la mchuzi kifuani, mabaki ya chakula shatini, kitu fulani karibu na sikio, na kila anachokiona anakiandika kwenye karatasi ya bili. Campbell anasimama akisomwa kama daftari huku hasira ikimpanda taratibu. Katika *The Cure* ana ugonjwa wa jongo, mguu umefungwa bandeji kubwa nyeupe, na mguu huo unabanwa kwenye mlango wa kuzunguka. Ujanja wa mguu ule ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Jitu limepewa sehemu moja laini, nyeupe, inayoonekana kutoka kona yoyote ya ukumbi, na kuanzia dakika hiyo kila mtazamaji anausubiri ule mguu tu.

Filamu ya mwisho ya mkataba, *The Adventurer*, ilitoka Oktoba 1917. Wakati huo maisha ya Campbell yalikuwa yameanza kubomoka. Mnamo Julai mke wake, Fanny, alifariki ghafla. Siku chache baadaye binti yao, Una, akiwa njiani kununua nguo ya msiba, aligongwa na gari akaumia vibaya. Septemba Campbell akaoa tena haraka haraka, mwanamke aitwaye Pearl Gilman, na kabla mwaka haujaisha mambo yalishafika mahakamani kwa kudai talaka. Chaplin alikuwa amepata mkataba mpya wa dola milioni moja na kampuni ya First National, anajenga studio yake mwenyewe Los Angeles, na Campbell alitarajiwa kuhamia huko pamoja naye. Katikati ya kusubiri akaazimwa kwenye filamu ya mwigizaji Mary Pickford. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Desemba 1917 alikuwa akitoka kwenye sherehe, amelewa, anaendesha kwa kasi. Gari lake liligongana na jingine na akafa papo hapo. Alikuwa na miaka 37, na kazi yake ya filamu za Chaplin ilikuwa imedumu mwaka mmoja na nusu tu. Majivu yake hayakuzikwa mpaka mwaka 1952.

Wengine wakaishi kwa kazi ile ile. Mchekeshaji Buster Keaton alikuwa na Joe Roberts, jitu jingine, mpaka Roberts alipofariki mwaka 1923. Stan Laurel na mwenzake Oliver Hardy walikuwa na James Finlayson, Mskoti mwenye upara na masharubu ya kubandika, ambaye hakuwa na mwili wa kutisha mtu. Yeye alipigana kwa jicho moja alilolifumba na jingine alilolitoa. Hilo liliwezekana kwa sababu Hardy mwenyewe alishakuwa mkubwa, na hasira ikahitaji umbo jingine.

Chaplin naye hakumpata Campbell wa pili. Alichofanya ni kubadilisha jitu lenyewe. Katika *The Gold Rush* ya mwaka 1925 mwili mkubwa ni wa Mack Swain, wamenasa wote wawili kwenye kibanda katikati ya theluji, wana njaa, na Swain anaanza kumwona Charlie kama kuku. Humchukii Swain. Ana njaa tu, na baadaye anakuwa rafiki na mshirika wa utajiri. Kwa jitu la namna hiyo Charlie hawezi tena kusamehewa kila kitu, na ukiangalia utaona kwamba ameacha mateke mengi na amekuwa mtu mpole zaidi kuliko yule wa 1916.

Filamu zote 12 za Mutual hazina hakimiliki tena Marekani, na zinapatikana bure mtandaoni. Ukitaka kuanza, anza na *Easy Street*, kisha *The Immigrant*. Tafuta nakala zilizosafishwa ambazo mwendo wake haujaharakishwa, maana kwenye zile zinazokimbia mno Campbell anaonekana kama mwanasesere, na ule uzito wake wote unapotea.