Hapana, Spika hakupigana Lugalo

Nimeulizwa tena, nikiwa Kalenga na basi zima la wanafunzi: "Kwa hiyo Mkwawa alipomalizana na Wajerumani ndiyo akawa Spika wa Bunge?" Aliyeuliza si mtoto. Ni mwalimu wao. Naongoza wageni Iringa miaka mingi sasa, na swali hili nalinusa kabla halijatoka mdomoni.

Haya, tuhesabu. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, yule wa vita, alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Adam Sapi Mkwawa alikalia kiti cha Spika mwaka 1962, akakiacha 1973, akarudi 1975 na kukaa hadi 1994. Kutoka risasi ile hadi kiti kile ni miaka 64. Yule wa vita alizaliwa karibu mwaka 1855. Angekuwa anatuliza wabunge akiwa na zaidi ya miaka 100.

Kinachoniudhi ni kwamba jibu limo ndani ya jina lenyewe. Adam, wa Sapi, wa Mkwawa. Wewe, baba, babu: si ndivyo tunavyojaza fomu zote, kuanzia ya darasa la kwanza hadi ya NIDA? Mkwawa alimzaa Sapi, Sapi akamzaa Adam. Lakini watu wakishamwita Adam "Chifu Mkwawa" tu, babu na mjukuu wanageuka mtu mmoja. Fuvu nalo, lile Wajerumani walilolichukua na kulipeleka kwao, linazidisha mkorogo. Fuvu ni la babu. Aliyelipokea hapa Kalenga mwaka 1954 kutoka kwa Twining, gavana wa Mwingereza, ni mjukuu. Ukisema "Mkwawa alipokea fuvu la Mkwawa" hujakosea hata neno moja, ila msikilizaji wako ametoka kapa.

Dawa yangu ni ile ile, nitaendelea kuitoa hadi nistaafu: usitaje Mkwawa bila kutaja jina la mbele au mwaka. Na majina ya mbele yakiongezeka, hesabu vizazi. Abdul Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa chifu baada ya baba yake, ni kitukuu wa yule wa vita. Hapo Mkwawa limeshakuwa jina la ukoo, na wenye nalo leo wapo wengi. Usimsimamishe kila mmoja umuulizie mkuki wa babu.

Chuo cha Mkwawa je? Kuna wanaodhani kimejengwa palipokuwa na ngome. Ngome ilikuwa Kalenga, na Mjerumani Tom von Prince aliiteka mwaka 1894. Majengo ya chuo yalianza kama shule ya watoto wa Kizungu enzi za Mwingereza. Baadaye ikawa Sekondari ya Mkwawa, na tangu 2005 ni chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkwawa mwenyewe hakuweka tofali pale. Alipewa heshima tu, tena kwenye majengo ya watu ambao asingewakaribisha.

Lugalo ya Dar es Salaam, yenye kambi na hospitali ya jeshi, imeazima jina. Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na kikosi chake waliangamizwa na Wahehe Lugalo ya Iringa, kando ya njia iendayo Morogoro, tarehe 17 Agosti 1891. Ukishuka Mwenge kutafuta mnara wa Zelewski utarudi na vumbi.

Na "Sultani Mkwawa" anayetajwa kwenye kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, si ndugu wa masultani wa Unguja. Wazungu waliwaita watawala wa bara masultani bila kujisumbua. Ni mtwa wetu yule yule, na fuvu linalodaiwa pale ni hili hili la Kalenga. "Quawa" wa kwenye karatasi za Wajerumani naye ni yeye. Hapana, hakuwa na pacha.