Daktari wa Kuigwa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Hapa Lamu mtu akimsifu daktari husema "ana mkono mzuri", na sifa hiyo hufunika mengi. Haya ni baadhi ya yanayosemwa kuhusu daktari wa kuigwa kwa maadili, na jibu la kila moja.

"Hodari wa kazi ndiye wa kuigwa." Si lazima. J. Marion Sims wa Marekani alitukuzwa kwa upasuaji wa fistula, jeraha la uzazi linalomfanya mwanamke avuje mkojo. Mbinu yake aliijaribu Alabama miaka ya 1840 kwa wanawake watumwa, bila dawa ya usingizi, nao hawakuwa na uwezo wa kukataa. Sanamu yake iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018. Upasuaji wenyewe ulifaa watu. Mwenendo wake ni jambo jingine.

"Kanuni zinatosha." Kanuni za Nuremberg, za kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti wa tiba, ziliandikwa 1947. Lakini huko Tuskegee, Marekani, utafiti ulioanza 1932 uliendelea kuwaacha wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende bila tiba hadi 1972, ilhali penisilini ilishapatikana. Aliyelalamika tangu 1966, akapuuzwa, mwishowe akalifikisha jambo kwa mwandishi wa habari, ni Peter Buxtun. Hakuwa daktari, kazi yake ilikuwa kuwahoji wenye magonjwa ya zinaa San Francisco. Wanaodhani wa kuigwa lazima awe na koti jeupe wamtazame huyu.

"Mfano bora ni aliyejitoa mhanga." Hii ndiyo inayonikera zaidi. Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda, alifariki kwa Ebola Desemba 2000, na wengi humkumbuka kwa kifo hicho tu. Alikuwa masomoni Kampala alipoitwa na mwenzake kwa sababu wauguzi wanafunzi walikuwa wakifa. Alirudi, akakesha akipitia mafaili ya wagonjwa, akatuma damu ipimwe, akatenga wodi kabla majibu hayajatoka. Kufa hakuigiki, wala haifai mtu kuombewa. Kusoma mafaili kwa makini na kutoa taarifa bila kuficha, hayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayaweza.

"Hayo ni ya mahospitali makubwa." Mama ametoka Kizingitini, kisiwa cha Pate, wanakosema Kitikuu, lahaja ya Kiswahili, amekuja kwa boti, anapewa fomu ya kukubali upasuaji. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa, inapowezekana, kwa lugha anayoifahamu. Muuguzi mwanafunzi ameyasoma hayo chuoni. Lakini akiona mkubwa wake, foleni ikiwa ndefu, anasukuma karatasi na kusema "tia sahihi hapa", atashika hilo la karatasi kusukumwa. Akimwona amevuta kiti akaeleza, naye kesho atavuta kiti.

Adabu zetu hazimpi mdogo nafasi ya kumkosoa mkubwa mbele ya watu. Ila kuuliza, "Dada, mama amefahamu, au nimweleze kwa Kitikuu?" si kumkosoa mtu.