Msaidizi wa jaji si karani: kwa wanaotaka uwakili wa makampuni

Kila msimu wa maombi, dawati letu la ushauri wa ajira za sheria hupokea swali lilelile: "Mimi nataka mikataba ya makampuni, kesi sizitaki. Kumsaidia jaji kutanifaa nini?" Safari hii swali limekuja na lawama, kwamba kwa kuwashauri waombe kazi hiyo tunawapotezea watu mwaka mzima.

Msaidizi wa sheria wa jaji si karani wa masijala. Hapigi mihuri wala hapangi majalada. Nchini Marekani, ambako kwa kawaida ajira hii ni ya mwaka mmoja au miwili, husoma hoja za pande zote, hutafiti, na mara nyingi huandika rasimu ya kwanza ya uamuzi. Tumelisema hili mpaka tumechoka.

Kwa anayelenga makampuni, mahakama yenyewe ni Chancery, mahakama ya migogoro ya makampuni katika jimbo la Delaware, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1792. Haina jopo la wananchi la kuamua kesi. Jaji huamua mwenyewe na kutoa sababu. Majaji ni saba, basi hesabu mwenyewe nafasi zilizopo. Chukua shauri la Akorn dhidi ya Fresenius la mwaka 2018. Fresenius ilikubali kuinunua Akorn, kampuni ya dawa, kwa takriban dola bilioni 4.3. Biashara ya Akorn ikaporomoka, na takwimu zake za maabara zikaonekana haziaminiki. Mnunuzi akajitoa. Ugomvi ukaangukia kifungu ambacho vijana hunakili kutoka mkataba wa zamani bila hata kukisoma: kinachomruhusu mnunuzi kujitoa yakitokea mabadiliko mabaya makubwa. Kwa mara ya kwanza mahakama hiyo ilikubali kwamba yametokea, katika uamuzi wa kurasa 246. Aliyepitia vielelezo vya shauri kama hilo hakiandiki tena kifungu hicho kwa mazoea.

Sasa masharti, na hapa tunaomba usomaji wa makini. Katika mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani na si za jimbo kama Chancery, siri za ofisi ya jaji hubaki siri hata baada ya kuondoka. Ukipata ajira katika kampuni ya uwakili, mjulishe jaji. Hutagusa shauri lolote ambalo kampuni hiyo inalisimamia, na bonasi yao huipokei mpaka umalize muda wako. Ukiwa na hisa za kampuni iliyo mbele ya jaji, hata moja, hutashiriki shauri hilo. Ni vivyo hivyo zikiwa za mwenzi wako au mtoto mdogo unayeishi naye. Na anayenunua au kuuza hisa kwa kutumia uamuzi ambao haujatangazwa anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 20 na faini ya hadi dola milioni 5, mbali na madai ya kiraia ya hadi mara tatu ya faida aliyoipata. "Sikujua" si utetezi wa mtu aliyesomea sheria.

Wasio raia wa Marekani waulize mapema: si kila mmoja wao anaweza kulipwa na mahakama za shirikisho. Za majimbo zina taratibu zake.

Maombi huambatana na barua za wadhamini, matokeo ya masomo na sampuli ya maandishi. Kuhusu sampuli: kuna kijana alituletea waraka mzuri sana aliouandika akiwa mafunzoni, jina la mteja likiwa wazi ukurasa wa kwanza. Tulimrudishia akalifute kabla jaji yeyote hajauona.