Kwa nini kijana aliyeumia moyoni ajijeruhi mwilini?

Nilipokuwa mwalimu wa zamu Dar es Salaam, kulikuwa na binti wa kidato cha pili asiyevua sweta, hata saa nane mchana mwezi wa Februari. Siku moja mkono wa sweta ulipanda, makovu yakaonekana. Ofisini tukasema, nami nikiwemo: “Anatafuta kiki.”

Tulikosea, na ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu. Mtafuta kiki hafichi. Mtoto yule alivumilia joto lote lile ili asionekane. Hata anayeonyesha kidonda, mara nyingi anausemesha mwili jambo ambalo mdomo umeshindwa kulitamka. Kosa jingine ni kudhani kila anayejikata anataka kufa. Wengi wanataka tu hisia iliyowazidi ipungue. Lakini kujijeruhi huongeza uwezekano wa kujaribu kujiua baadaye, kwa hiyo swali liulizwe waziwazi: “Mwanangu, umewahi kufikiria kufa?” Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Nafuu anayoitafuta inatoka wapi? Fikiria ndoo ya maji uliyojitwika kutoka bombani. Ukiitua, shingo huwa nyepesi kuliko kabla hujajitwika. Maumivu ya mwili yanapokoma, ubongo nao hupata ahueni inayopita pale ulipoanzia, na uchungu wa moyo hulegea pamoja nayo. Kwa muda mfupi tu. Kisha huzuni hurudi, safari hii na aibu juu yake, na ubongo umeshajifunza njia ile. Majaribio ya jambo hili yamefanyika zaidi kwa watu wazima, tena maabara, hivyo hayamwelezi kila kijana: wapo wanaojiadhibu, na wapo waliokufa ganzi moyoni wanaotaka kuhisi chochote.

Hali ni nzito vidonda vinapohitaji kushonwa, vinapozidi wiki hadi wiki, au kijana anapozungumzia kufa. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo: kidonda kitibiwe, kinga ya pepopunda iangaliwe, na mtaalamu wa afya ya akili amwone. Nyumbani, dawa na viuatilifu vifungiwe, naye asiachwe peke yake. Kumchapa au kumsimamisha mbele ya wenzake mstarini kunaongeza aibu ileile.

Hakuna kidonge cha kutibu kujijeruhi kwenyewe, ingawa sonona inayoambatana nako huweza kuhitaji dawa. Tiba yenye ushahidi mzuri ni ya mazungumzo na mazoezi ya kutuliza hisia, iliyoasisiwa Marekani na mwanasaikolojia Marsha Linehan, ambaye mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa akiwa msichana kwa sababu ya kujijeruhi. Huchukua miezi. Kijana hufundishwa kuitua ndoo kwa namna nyingine: kuloweka uso kwenye maji baridi, kuitaja hisia kwa jina, kumpigia mtu waliyekubaliana mapema. Mzazi naye hufundishwa, na sehemu yake si nyepesi: kukaa ukingoni mwa kitanda cha mwanawe na kumsikiliza mpaka amalize, bila kuhubiri.