Dawa ya kukojosha: maji hufuata chumvi

Wengi Lamu huiita "dawa ya mkojo", na jina hilo linapotosha. Yupo anayeimeza akidhani inatibu mkojo unaochoma, na yupo anayeiacha kwa kuwa haoni kasoro akienda haja ndogo. Hospitalini huitwa dayuretiki, na kazi yake ni kuzuia figo zisirudishe chumvi kwenye damu. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, kisha hurudisha karibu zote. Chumvi ikipita, maji huifuata: presha hushuka, miguu iliyovimba hunywea.

Ndiyo maana ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, hukishinda kidonge. Aliyemeza dawa asubuhi, mchana akala wali wa nazi kwa ng'onda asiyerowekwa, amejirudishia kile kile alichotolewa. Mroweke, mwaga maji, mroweke tena. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, pamoja na iliyomo tayari kwenye chakula.

Kwa presha, ya kawaida ni haidroklorothiazaidi, miligramu 12.5 au 25 mara moja asubuhi. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu zake zote. Furosemaidi, ile watu waijuayo kama Lasix, hupewa zaidi mwenye uvimbe unaotokana na ugonjwa wa moyo, figo au ini. Huanza ndani ya saa moja na huisha baada ya saa sita hivi, basi anayevuka alfajiri kwenda Mokowe, upande wa bara, kupanda gari amwulize daktari kama aimeze akifika. Kuiruka kabisa ndiko kunakoleta balaa. Kuimeza wakati wa daku ni kukauka mchana kutwa, na joto la kaskazi halina huruma. Saa za Ramadhani zipangwe kliniki kabla mwezi haujaandama.

Dawa hizi mbili hutoa potasiamu pia. Ikipungua, misuli hukaza usiku na moyo hwenda mbio. Hapo jirani atakwambia unywe madafu, na kweli yana potasiamu nyingi. Lakini spironolaktoni, dayuretiki nyingine, hufanya kinyume, huibakiza. Ukiichanganya na dawa za presha kama enalapril au losartan, figo zikawa dhaifu, kisha madafu kila siku, potasiamu huweza kupanda mpaka moyo ukasimama. Kipimo cha damu ndicho kitakachokwambia uko upande gani.

Diklofenaki na ibuprofeni za maumivu ya mgongo huzuia chumvi isitoke na huumiza figo. Uvimbe wa miguu unaoletwa na amlodipini, dawa nyingine ya presha, nao haukauki kwa Lasix. Daktari hubadilisha dawa au dozi.

Nyumbani, bonyeza muundi kwa kidole gumba kwa sekunde kumi: shimo likibaki, kuna maji. Jipime uzito asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku tatu, nenda hospitali. Ukiharisha au kutapika, piga simu kliniki kabla ya kumeza dozi inayofuata.