Breki za kurudisha umeme ni kitu gani hasa?

Watu wengi wakisikia gari la umeme linachaji betri wakati linafunga breki wanaona ni maneno ya matangazo tu, lakini ni kweli kabisa, na mimi naona ni moja ya kazi nzuri zaidi mainjinia wamewahi kufanya kwenye gari.

Anza na breki za kawaida. Gari likiwa kwenye mwendo limebeba nishati, ukikanyaga breki pedi zinabana diski, msuguano unageuza ile nishati kuwa joto na joto linapotelea hewani, ndo maana ukishuka mlima mrefu breki zinanuka. Chukua gari la kilo 1500 linaloenda kilomita 100 kwa saa, hapo limebeba kama uniti 0.16 ya umeme, na likiwa kwenye 50 ni robo ya hapo, sio nusu, maana mwendo ukizidi mara mbili nishati inazidi mara nne. Yote hiyo ulishailipia afu unaimwaga kila ukifika taa nyekundu.

Sasa mota ya umeme ukiipa umeme inazunguka, na ukiizungusha wewe inatoa umeme. Ni kama dinamo ya baiskeli, ukiigusisha na tairi taa inawaka ila kupiga pedali kunakuwa kuzito. Ule uzito ndo breki yenyewe! Kwenye gari ukiachia pedali ya mwendo, inveta, kile kifaa kinachosimamia umeme kati ya betri na mota, inabadilisha kazi, tairi ndo zinaizungusha mota, umeme unarudi kwenye betri na gari linapunguza mwendo, yaani mota ile ile inafanya kazi mbili.

Toyota Prius ilikuja na breki hizi Japani mwaka 1997, mashindano ya magari ya Formula 1 wakaziruhusu 2009, na siku hizi yapo magari kama Nissan Leaf unayoweza kuendesha kwa pedali moja karibu safari nzima, ukiachia kidogo linapunguza, ukiachia kabisa linasimama.

Ila tusidanganyane, huu sio umeme wa bure. Inarudi sehemu tu, nyingine inapotea ndani ya mota, inveta na betri, na kile kilichokwisha liwa na upepo na tairi hakirudi tena. Faida kubwa utaiona kwenye foleni za simama-nenda na miteremko, barabara kuu ukiwa na mwendo mmoja hupati kitu cha maana.

Na pedi bado zipo, lazima ziwepo. Betri ikijaa haina pa kuweka umeme, ikiwa ya baridi sana haipokei haraka, na breki ya ghafla inataka nguvu kuliko mota inayoweza kutoa. Kwa hiyo kompyuta inagawa kazi kati ya mota na pedi kila sekunde bila mguu wako kusikia tofauti, na hapo ndo ugumu wa uinjinia ulipo, sio kwenye mota.

Matokeo yake pedi zinakaa muda mrefu sana, mpaka diski zinaota kutu kwa kukosa kazi, ndo maana Volkswagen kwenye ID.3 na ID.4 tairi za nyuma wakarudisha breki za dramu, zile za zamani, kwa sababu zina kifuniko, maji hayazifikii kirahisi.