Ganzi ya Mikono na Maumivu ya Mgongo kwa Waendesha Pikipiki: Maswali na Majibu Kuhusu Kubadilisha Usukani

Pikipiki nyingi za biashara katika Afrika Mashariki, zile za ukubwa wa cc 100 hadi 150, hutoka kiwandani na usukani wa umbo moja, ambao atautumia mtu mrefu na mfupi, mwenye mikono mirefu na mwenye mikono mifupi. Anayeendesha kwenda sokoni na kurudi hataona tofauti. Dereva wa bodaboda anayefika kijiweni alfajiri na kurudi nyumbani usiku ataiona, na mara nyingi ataiona kwanza kwenye vidole.

Kwa nini vidole huingia ganzi wakati wa kuendesha?

Mishipa ya fahamu inayohusika zaidi ni miwili. Wa kwanza hupita katikati ya kifundo cha mkono, ndani ya njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na kano pana, na humo ndani hubanana na kano tisa zinazokunja vidole. Kifundo kikikunjwa kuelekea mgongo wa kiganja kwa muda mrefu, nafasi hiyo huzidi kuwa finyu na mshipa hubanwa. Dalili zake ni ganzi au mchomo kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete, na kwa kawaida huzidi usiku, hata mtu akaamka na kuukung'uta mkono ili upate nafuu.

Mshipa wa pili hupita nyuma ya kiwiko kwa upande wa ndani, kisha huingia kiganjani kupitia kwenye kitako cha kiganja chini ya kidole kidogo. Huu huhudumia kidole kidogo na nusu iliyobaki ya kidole cha pete. Hubanwa mtu anapoegemeza uzito wa kifua juu ya viganja, au anapoendesha viwiko vikiwa vimekunjwa sana kwa sababu usukani uko karibu mno na mwili.

Kwa hiyo, kabla ya kumwendea fundi, chunguza ni vidole vipi vinavyokufa ganzi. Ganzi ya gumba na shahada huelekeza kwenye pembe ya kifundo, yaani jinsi mipira ya kushikia na liva za klachi na breki zilivyoelekezwa. Ganzi ya kidole kidogo huelekeza zaidi kwenye umbali wa usukani na uzito unaobebwa na viganja.

Je, mtetemo wa injini una mchango wowote?

Unao, na ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mtetemo wa muda mrefu huathiri mishipa ya fahamu na mishipa midogo ya damu ya vidole, na kadiri mtu anavyokaza mkono ndivyo mtetemo unavyozidi kuingia mwilini. Baadhi ya watu wanaotumia mashine zinazotetemeka hufikia hatua ya vidole kubadilika rangi na kuuma wakati wa baridi. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo yanaweza kuonekana kama kijivu au weupe hafifu wa ncha za vidole, kwa hiyo ni rahisi kuyapuuza. Madereva wa maeneo ya baridi kama Njombe au Limuru wana sababu nzuri ya kuvaa glavu au kufunga mifuko ya kukinga mikono kwenye usukani.

Usukani mpya hautaondoa mtetemo unaotokana na boliti za injini zilizolegea, beringi za usukani zilizokwisha, au tairi lililopinda rimu. Hayo yatengenezwe kwanza. Baadaye ndipo mtu afikirie mipira minene na laini ya kushikia, pamoja na vyuma vizito vinavyofungwa kwenye ncha za usukani, ambavyo hupunguza sehemu ya mtetemo huo.

Nikiinua usukani, maumivu ya mgongo na shingo yataisha?

Yanaweza kupungua, lakini si kwa kila mtu. Usukani ulio chini au mbali humlazimisha dereva kuinama, na kwa kuwa ni lazima atazame mbele, huinua kidevu na kukunja shingo kuelekea nyuma. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takribani kilo 4 hadi 5, na kofia ngumu huongeza kilo moja au zaidi. Misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayoubeba mzigo huo kutwa nzima. Kwa mtu wa namna hii, kuinua usukani kwa sentimita 2 au 3 na kuusogeza nyuma kidogo kunaweza kuleta nafuu anayoihisi siku hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba mtu akikaa wima kabisa, kila shimo la barabarani hupanda moja kwa moja kwenye pingili za kiuno, na akichoka huanza kujikunja mgongo kama upinde huku makalio yakiteleza mbele. Mkao unaofaa ni kuinama kidogo tu kutokea kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, viwiko vikiwa vimelegea na kukunjika kidogo, na magoti yakigusa tangi ili miguu isaidie kubeba mwili. Kama shokapu za nyuma zimekufa, usukani wowote utakaofungwa hautauokoa mgongo.

Kuna jambo jingine ambalo fundi hawezi kulitengeneza. Dereva anayepakia mshikaki, yaani abiria wawili au zaidi kwa pamoja, husukumwa mbele hadi akakaa karibu juu ya tangi, na hapo usukani wowote unakuwa karibu mno: viwiko hukunjika, mabega hupanda, na kifundo hujipinda. Kubadilisha usukani ili kuzoea mkao huo ni kutibu dalili na kuacha ugonjwa.

Nitapimaje kama usukani wangu unanifaa?

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa mahali tambarare, na umwombe mtu aishikilie kwa mbele. Keti pale unapoketi ukiwa kazini, miguu juu ya vikanyagio, kisha fumba macho, legeza mabega, na unyooshe mikono mbele polepole mpaka mahali ambapo inatulia bila kujilazimisha. Mwenzako aangalie viganja vimeishia wapi ukilinganisha na mipira ya kushikia: juu yake, chini yake, mbele au nyuma. Rudia mara chache, kwa sababu mara ya kwanza watu wengi huelekeza mikono mahali walipozoea.

Kipimo cha pili kinahitaji rula tu. Shika usukani, weka vidole viwili juu ya liva ya klachi kana kwamba unataka kubadili gia, na mwenzako alaze rula kuanzia kwenye mkono wa chini kupita kifundo hadi mgongo wa kiganja. Rula ikilala bila kuacha pengo kubwa wala kuinuka upande mmoja, kifundo kimenyooka. Ikiwa mgongo wa kiganja unaisukuma rula juu, kifundo kimekunjwa nyuma na hapo ndipo ganzi inapoanzia. Fanya hivyo pia kwa mkono wa kulia, ukiwa umezungusha eksileta kiasi unachotumia barabarani, kwa kuwa mkono huo hukunjwa zaidi.

Je, ni lazima ninunue usukani mpya?

Kwa maoni yangu, madereva wengi wanaonunua usukani mpya hawakuhitaji kuununua. Usukani wa bomba hushikwa na vibano vinavyofungwa kwa boliti, na ukilegeza boliti hizo unaweza kuuzungusha mbele au nyuma nyuzi chache bila gharama yoyote. Ukiuzungusha kuelekea kwako, mipira ya kushikia husogea karibu na kushuka. Ukiuzungusha mbele, hupanda na kwenda mbali. Baada ya hapo legeza liva za klachi na breki na uzielekeze upya, zikiinama kidogo chini kufuata mstari wa mkono wako, maana usukani uliozungushwa ukaachiwa liva mahali pake pa zamani unaweza kukunja kifundo zaidi ya mwanzo.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha uendeshe siku kadhaa kabla ya kugusa kingine. Angalia pia waya wa klachi: ukiwa mkavu au umeanza kukatika nyuzi, klachi huwa ngumu, na mkono wa kushoto hufanya kazi ya ziada mamia ya mara kwa siku kwenye foleni. Waya mpya ni nafuu kuliko usukani.

Nikiamua kununua, nizingatie nini?

Kwanza kipenyo. Pikipiki nyingi ndogo hutumia usukani ambao sehemu ya kushikia na ile inayobanwa na vibano zina kipenyo cha milimita 22. Usukani mnene zaidi hautaingia kwenye vibano vyako. Kisha linganisha vipimo vitatu na usukani wa zamani: kimo chake, jinsi ncha zake zinavyorudi nyuma, na upana. Ule mpana hurahisisha kukata kona kwa mzigo mzito lakini huchosha mabega ya mtu mwembamba, na pia hupunguza nafasi ya kupita kati ya magari.

Kazi ya kufunga inastahili uangalifu kuliko uchaguzi wenyewe. Kwenye pikipiki nyingi, nyumba ya swichi ina kipini kidogo kinachoingia kwenye tundu la usukani ili isizunguke. Usukani mpya usipokuwa na tundu hilo mahali sahihi, wapo mafundi wanaokisaga kipini, na siku moja eksileta nzima huzunguka mkononi. Usikubali. Boliti za vibano zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha mwongozo cha pikipiki yako.

Kabla ya kutoka gereji, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia huku injini ikiunguruma ikiwa gia huru. Mlio ukipanda wakati wa kugeuza, waya wa eksileta ni mfupi na umevutika, na kwenye kona pikipiki inaweza kuongeza mwendo yenyewe. Hakikisha pia kwamba eksileta inarudi haraka ukiiachia, klachi bado ina mchezo kidogo kwenye liva, mpira wa mafuta ya breki haujakazana ikiwa breki ya mbele ni ya diski, na vidole havibanwi kati ya usukani na tangi. Majaribio ya kwanza yafanyike bila abiria.

Fundi amesema anaweza kuukunja au kuuchomelea wa zamani. Ni salama?

Hapana. Chuma kilichokunjwa kikakunjuliwa, au kilichochomelewa, hudhoofika mahali hapo, na usukani hukatika bila onyo. Usukani uliopinda katika ajali utupwe.

Vipi kuhusu usukani mrefu unaoinua mikono hadi usawa wa mabega?

Huo ni wa mapambo zaidi kuliko afya. Mikono ikikaa juu kwa muda mrefu, misuli ya mabega huchoka, damu hupanda kwa shida hadi vidoleni, na ganzi hurudi kwa njia nyingine.

Ni wakati gani nimwone mtaalamu wa afya?

Ukiona ganzi haiondoki hata baada ya siku kadhaa za kupumzika, vitu vinakuponyoka mkononi, au misuli iliyo chini ya kidole gumba imeanza kunywea, usisubiri. Mshipa uliobanwa ukiwahiwa, mara nyingi hupata nafuu kwa kupunguza saa za kuendesha na kuvaa gango jepesi la kunyoosha kifundo wakati wa kulala. Ukicheleweshwa unaweza kuhitaji upasuaji, na nguvu iliyopotea huenda isirudi yote. Ganzi ya mikono pia inaweza kutokana na kisukari, matatizo ya tezi ya shingo au pingili za shingo zenyewe, na wanawake huipata zaidi wakati wa ujauzito, kwa hiyo kipimo cha sukari hakipaswi kuachwa kwa kuwa tu mgonjwa ni dereva.

Maumivu ya mgongo yanayoambatana na mguu kulegea, kushindwa kukojoa au kuzuia haja, au ganzi kati ya mapaja na kwenye makalio ni dharura: nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kwa mengine yote, kliniki ya mifupa au ya fiziotherapia katika hospitali ya wilaya au ya mkoa ni mahali pazuri pa kuanzia. Mweleze mhudumu ni vidole vipi vinavyoingia ganzi, huanza baada ya saa ngapi za kuendesha, na kama vinakuamsha usiku. Na ikiwezekana mwonyeshe picha uliyopigwa kutoka ubavuni ukiwa umekaa juu ya pikipiki yako.